Mama Yangu wa Miaka Sita

Mara ya kwanza mwanangu aliponiuliza swali kwenye simu, nilimjibu "yes". Akauliza la pili, "yes". La tatu aliuliza huku anacheka, na mimi nikacheka, nikasema "yes" kwa sauti nzito ya mtu aliyesoma. Akaniangalia kama mteja anavyoangalia tairi niliyoziba jana na leo imelala tena. Akaiweka simu chali, akaondoka. Nikabaki naangalia dari ya nyumba ya Kanada. Nyeupe, haina hata buibui.

Mama yake ndiye aliyekuja kuiokota simu.

"Unajua kakuuliza nini?"

"Sijui."

"La kwanza kauliza kama una mbwa. La pili kauliza kama huyo mbwa anaongea. La tatu kauliza kama huyo mbwa ni wewe."

"Na mimi nimekubali yote?"

"Yote, fundi. Tena kwa furaha."

Nilicheka, maana mimi nikibanwa huwa nacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Sikiliza. Kila Jumapili namvuta aje kwenye simu. Nikimwambia huyu ni baba, ananiambia baba wa wenzake wanajua kuongea. Mimi nimechoka kumvuta. Shule zikifungua, asipotaka mwenyewe simlazimishi tena."

Hapo kicheko kiliisha.

Mtoto huyu alizaliwa hapa hapa Tabora. Mimi na mama yake hatukuwa tumeoana, tulikuwa tumezaa tu, na kwao jambo hilo halikuwapendeza hata kidogo. Dada mkubwa wa huyo mama anaishi Kanada, akawaita. Wakasema wanaenda kutembea. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Sasa ni matembezi gani hayo, mpaka meno ya utoto yameanza kung'oka? Huko alichelewa kuongea, walimu wakamwambia mama yake chagueni lugha moja mumshikilie nayo. Wakachagua. Mimi kwenye hicho kikao sikuwepo.

Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hata huko kilikuwa cha kuchangia. Mwalimu akiingia tunasimama wote, gudi moningi ticha, tukiulizwa hali tunajibu kwa wimbo, tunakaa. Kwa sauti ya darasa zima nilikuwa Mwingereza kabisa. Tatizo lilikuwa kusimamishwa peke yangu. Nikisimama peke yangu kiliyeyuka chote, nabaki nachekesha wenzangu mpaka mwalimu anachoka ananiambia kaa chini. Hicho "kaa chini" ndicho nilichokishika vizuri.

Jumatatu asubuhi nikamtafuta mtani wangu.

Huyu ni mzee Mzaramo, mstaafu wa reli. Alianzia Tura, stesheni ndogo huko mashariki, akamalizia Tabora mjini, na alipostaafu hakurudi pwani, akajenga Gongoni, mtaa mmoja na kibanda changu cha baiskeli. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu sisi Wanyamwezi walikuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka kwao baharini, wakifika hoi, wenyeji wanawacheka, na mpaka leo hawajamaliza kucheka. Kwa hiyo mzee yule haniiti jina wala fundi. Ananiita mpagazi. Na mimi shikamoo nampa kwa tabu, kisha namuuliza jana alicheza ngoma mpaka saa ngapi na magoti yale.

"Mzee, nifundishe Kiingereza."

"Cha nini? Mzigo unabebwa kwa kichwa, haubebwi kwa Kiingereza."

"Nataka kuongea na mwanangu."

Alikuwa ameshafungua mdomo aendelee na matusi yake. Akaufunga. Akakaa kwenye ndoo yangu ya kupimia tyubu iliyotoboka, nikamwambia hiyo ina maji, akawa ameshalowa. Tukaanza hivyo hivyo, na suruali yake mbichi.

Alinifundisha kama anavyojua yeye, Kiingereza cha reli, chenye kola na filimbi. Kwanza vitu vya nyumbani: kijiko, mto wa kulalia, ndala, sabuni. Kisha vya mwilini. Niliandika kwa chaki kwenye bati la kibanda, kila siku maneno mapya, na mteja akija na pancha lazima asome ndiyo nimhudumie. Wakulima wa tumbaku wanaoshuka na baiskeli kutoka Sikonge wakawa wanaondoka wamejua goti, kiwiko na kope, hawana habari vimewasaidia nini. Mmoja aliniuliza kama nimeokoka.

Kilichonitesa ni misemo yao. Mvua ikinyesha kubwa, Mwingereza anasema inanyesha paka na mbwa. Nikamuuliza mzee, wanaanguka wazima au wamekufa? Akasema usiulize, meza tu. Kazi ikiwa rahisi ni kipande cha keki. Mtu akiwa na haraka anaambiwa ashikilie farasi wake, ambaye hana. Nikawa nalala na paka, mbwa, farasi na keki, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na vitenzi navyo, mzee alikuwa hanihurumii. Leo nakwenda, jana nikaenda, na neno lenyewe halifanani hata ukope. "Mbona limebadilika mpaka sura?" "Wewe ukienda jana bado uko hapa?" Nikameza.

Jumapili zilizofuata mambo yakasogea. Nikamuuliza mtoto amekula nini, nikaelewa mayai. Nikamuuliza kiatu chake rangi gani, akakileta kwenye kamera mpaka kikajaa kioo kizima. Nikamwambia mbwa sina, mimi ni mtu. Alicheka, na mimi nikakaa nacho kile kicheko wiki nzima, naziba pancha huku nakitafuna.

Ila kulikuwa na kitu. Kila nikianza tu, mwanzoni pale, alikuwa anageuza uso. Nasema salamu yangu, yeye anamuangalia mama yake, mara nyingine anamnyooshea simu kabisa, kama vile siyo yeye niliyemwita. Nikadhani ni aibu za watoto.

Hapa lazima nieleze. Mwanangu alipewa jina la mama yangu, ambaye alifariki mimba ya mtoto huyu ikiwa changa. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu hachukui jina peke yake, anachukua na heshima zake zote. Kuanzia alipopewa lile jina, hakuna mtu nyumbani aliyelitamka. Mimi nikimpakata namwita mama. Akinikojolea nasema mama umeninyeshea. Asubuhi nikiingia walipolala: shikamoo mama. Baba yangu alikuwa anamtengea mnofu pembeni ya sahani, na mtoto mwenyewe hana jino hata moja. Hakuna aliyeona ajabu. Mama mwenyewe tulikuwa hatumtaji jina alipokuwa hai, tutaanzaje akiwa kichanga?

Kwa hiyo kwa Kiingereza nilimwita nilivyokuwa namwita. My mother. Habari za asubuhi, my mother. Umelalaje, my mother. Shikamoo ilitushinda, mimi na mzee tuliitafuta kutwa nzima. "Hawana," akasema mwisho, kwa huzuni, kama anatoa taarifa ya msiba. "Weka kwamba unamheshimu." Nikaweka. Nakuheshimu, my mother.

Kisha nikataka kumwambia kitu kikubwa. Maneno ya sabuni na ndala nilikuwa nayo ya kutosha, shule zilikuwa zinakaribia kufungua, na nilitaka ajue yeye ni nani kwangu. Tulikaa na ile sentensi siku nyingi. Kwa Kiswahili ilikuwa: mama, ulituacha, na sasa umerudi, na mimi bado nakungoja. Mzee aliipanga upya mara kadhaa. Alitaka ile sehemu ya kurudi iwe kwenye wakati wake maalumu, ule wa jambo lililotokea na bado lipo. Alipoona nimeisema yote bila kukwama akapiga makofi.

"Mpagazi, hii inapita stesheni zote bila kusimama."

Jumapili nikaisema. Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kucha zikawa nyeupe, nikavaa shati la Idi, nikaketi, nikaisema polepole, nikimwangalia machoni. Sikukosea hata neno moja. Wakati ulikuwa wakati wake, kila neno mahali pake. Mtoto akamuuliza mama yake kitu kwa sauti ndogo. Kisha akaniaga kwa mkono, simu ikakatika, na mimi nikanyanyua mikono juu kama nimefunga goli la dakika za mwisho. Jirani aliyekuwa anapita akauliza nani kashinda.

Jumanne ujumbe wa sauti ukaingia, nikiwa nimeshika rimu.

"Fundi, umefanya nini? Mtoto halali. Anakuja kitandani kwangu anatetemeka. Ananiuliza yeye alikufa lini. Nilishamwambia zamani kwamba mama yake baba alifariki, walichora ukoo shuleni. Sasa wewe unamwambia huyo ni yeye, kwamba alikufa, karudi, na wewe unamngoja. Ananiuliza akija kwako utamzika tena?"

Niliusikiliza nimesimama. Nikausikiliza tena nimekaa. Kisha nikampigia.

"Wewe si unajua namaanisha nini? Wewe ni wa huku."

"Mimi najua. Hata mimi nilimwita mama. Sasa yeye nimwelezeje? Ana miaka sita. Nimejaribu, nikamtisha zaidi. Kasema basi yeye ndani yake kuna bibi aliyekufa."

"Niache niongee naye, nitamwambia—"

"Utamwambia nini? Kwa Kiingereza kipi? Dada kasema basi. Kasema asikusikie tena mpaka akue."

"Akue mpaka wapi?"

"Sijui, fundi. Mpaka akue."

Yaani kama ningekosea ile sentensi, kama ningesema upuuzi wangu wa darasa la saba, mtoto angenicheka na angelala usingizi wake. Nilijua hilo palepale, na rimu bado iko mkononi.

Jumapili iliyofuata ikapita bila simu. Na nyingine. Nilikuwa naoga, navaa, nakaa, naishika simu, jioni inaingia, navua shati. Nilituma ujumbe, zikaja alama kwamba umefika, haukujibiwa. Nikatuma picha za baiskeli ndogo ya kike niliyoipaka rangi, kimya. Kazini niliharibu mpaka wateja wakahama. Jamaa mmoja wa Sikonge nilimfungia gurudumu la mbele bila kukaza nati, akarudi ameshika gurudumu mkono mmoja na paja mkono wa pili. Kawaida ningemtania, ningemwambia baiskeli yako imepata ajali lakini majeruhi anaendelea vizuri. Nilimwomba msamaha tu, akaogopa kuliko alivyoogopa kuanguka.

Kibaya zaidi, Kiingereza kiligoma kutoka kichwani. Nilipotaka kukisahau ndipo kilipokuja. Nikiona kijiko, naambiwa kichwani kijiko kwa Kiingereza. Mto, ndala, kope. Mvua za kwanza zilinyesha, nikawaza paka na mbwa, nikakaa chini ya bati nalia peke yangu kama mjinga, mdomo unasema maneno ambayo hakuna mtu Gongoni nzima wa kumwambia. Nilifuta bati kwa kitambaa chenye grisi. Sasa likawa halifai hata kuandikiwa bei.

Mzee alilikuta hivyo.

"Nani kafuta shule yangu?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, na kwa mtani hilo si jambo dogo. Kisha akasema, "Mwite jina lake."

"Siwezi."

"Huko kila mtu anaitwa jina. Mimi meneja wangu nilimwita jina, mzungu mzima na kitambi chake."

"Mzee, lile ni jina la mama yangu."

"Najua ni la nani."

Akalitamka. Hivi hivi, kibandani, mchana, watu wanapita. Hata hapa siliandiki, lakini yeye alilisema kama anaita chai. Ningempiga angekuwa mtu mwingine, ila mtani hapigwi. Siku tunamzika mama, mzee huyu alilala njiani mbele ya jeneza akasema halipiti, marehemu kaazima sahani yake na hajarudisha, watu wakacheka na machozi. Kama yupo mtu Tabora mwenye ruhusa ya jina lile, ni yeye.

"Sema."

"Siwezi, mzee."

"Sema, mpagazi. Umebeba vyote, hiki kidogo kinakushinda?"

Nilijaribu. Lilikwama kooni, nikakohoa. Akalisema tena, nikalisema nusu. Akasema nusu haimwiti mtu, inamwita mbuzi. Nikalisema lote, kwa kunong'ona, nimeangalia chini kwenye spoki. Akaniambia niseme kwa sauti, nikashindwa, akaniacha. Kesho yake akarudi. Na keshokutwa. Hilo ndilo lilikuwa somo la wiki ile, neno moja, na halikuwa hata la Kiingereza.

Nyumbani nilimwambia baba tukiwa tunakula. Nilisema nikipata tena nafasi na mtoto, nitamwita jina.

Baba yangu ni fundi cherehani, mpole, mtu wa maneno machache. Akaacha tonge hewani.

"Jina la nani?"

"La mtoto, baba."

"Mimi nimemuoa, nimekaa naye, nimemzika. Sijawahi kumwita hilo jina mbele za watu. Wewe utamwita kwenye simu?"

"Anaogopa, baba. Anadhani amekufa."

"Basi mfundisheni Kiswahili," akasema, akanawa mkono na sahani imejaa.

Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na mtoto mmoja.

Usiku huohuo nilimtumia mzazi mwenzangu ujumbe wa sauti. Sikuweka utani hata mmoja, nikausikiliza, nikajiona kama mtu mwingine. Nilisema sitamwita mama tena. Nitamwita jina, kama wanavyomwita huko. Anipe mara moja tu. Alikaa siku kadhaa, kisha akajibu kwa maandishi: "Jumapili. Muda mfupi. Atakuwa mapajani kwangu. Ukisema lile neno nakata."

Jumapili nilikaa sebuleni, maana pale ndipo mtandao unaposhika. Baba alikuwa uani, cherehani inakwenda, anashona kanzu za watu. Nilitaka kumwambia atoke kidogo. Sikupata mdomo wa kumtoa baba kwenye ua wake.

Simu ikalia. Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya mama yake, amevuta sweta mpaka kidevuni. Hakuniangalia. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka, sikuambiwa. Mama yake akanitazama kwa macho yanayosema anza, na kidole chake nakiona kipo karibu na kitufe.

Nikafungua mdomo. Kilichokuja mbele kilikuwa kile kile, mama, kimezoea njia. Nikakimeza. Nikatafuta lile lingine, nikalitamka. Kwa sauti. Lote.

Cherehani ikanyamaza.

Mtoto akainua macho. Akaniangalia, akakunja uso, akasema kitu. Nilielewa. Aliniambia siyo hivyo. Aliniambia jina lake haliitwi hivyo. Akalisema mwenyewe, kwa namna yao, limevutwa mbele, limekatwa nyuma, r yake imelainika mpaka haipo. Akangoja.

Nilijaribu. Akatikisa kichwa. Akalisema tena polepole, ananionyesha mdomo, na lile pengo. Mama yake alikuwa ametoa kidole. Nikajaribu tena, nikaukunja ulimi kama anavyoukunja yeye, na likatoka. Lilitoka jepesi. Halikunikwama popote. Nilishangaa lilivyokuwa jepesi, kisha nikajua ni kwa sababu gani. Ndani yake mama yangu hakuwemo. Lilikuwa jina la mtoto wa Kanada ambaye sijawahi kumshika akiwa na meno.

Akasema ndiyo, hivyo. Akateremsha sweta kidogo.

Uani cherehani haikuanza tena. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia ndala za baba zinaelekea mlango wa nyuma wa kutokea mtaani, kisha mlango ukafungwa. Sikugeuka. Mtoto alikuwa ananingoja niseme tena, nikasema tena.